Chungu cha Maua Mahali pa Shemeji

Katika ukoo ule kila mtu alikuwa na kazi yake. Dada Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu na mjane wa mtu aliyeheshimika, alikuwa na kazi ya kuamua. Wengine walikuwa na kazi ya kukubali. Na mdogo wao wa mwisho, aliyeitwa Katibu kwa sababu alikuwa katibu wa ofisi ya maji mpaka akastaafu, alikuwa na kazi ya kutunza.

Alitunza kompyuta. Ilikaa sebuleni kwake, juu ya meza iliyokuwa ya kulia chakula kabla haijapandishwa cheo, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi asiyetakiwa kuonekana kabla ya wakati. Nyuma yake zilijipanga diski tatu za nje, kila moja ndani ya soksi ya sufu. Soksi hizo alizifuma mkewe, mkunga wa zahanati, ambaye mikono yake ilizoea kufumia watoto wachanga na hakuona sababu ya kubadili kipimo.

"Hawa wako hawakui," mkewe alimtania kila alipopita na kikombe cha chai. "Mwaka wa ngapi huu, soksi zile zile!"

"Hawakui, lakini hawasahau," Katibu alimjibu.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu ya kutunza nakala. Kila saa iliamka yenyewe, ikachungulia mafaili ya familia, ikayanakili kwenye diski ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ikawasha alama ya kijani pembeni mwa kioo na maneno haya: *Nakala zako ziko salama.* Katibu aliipenda alama ile. Wageni walipofika aliwaonyesha yenyewe kwanza, viti baadaye. "Kwangu kitu hakipotei," alisema, nao wakatikisa vichwa, maana mtu mwenye diski tatu zilizovaa soksi si rahisi kumbishia.

Kitu chenyewe kisichopotea, kilichoshinda vingine vyote kwa thamani, kilikuwa picha moja. Ilipigwa siku ambayo baba yao, Mzee, aliwaita watoto, wakwe, wajukuu na ndugu wote wasimame nyuma ya kiti chake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wote kupatikana pamoja, na ya mwisho, kwani miezi michache baadaye Mzee alikwenda zake. Mpiga picha aliwakabidhi picha ndani ya flashi, akafunga studio yake na kuhamia kusikojulikana. Flashi nayo ikaja kufuliwa ndani ya shati. Basi picha ikabaki kwenye kompyuta ya Katibu, na ile iliyochapwa ikatundikwa sebuleni kwa Dada Mkubwa, ndani ya fremu nzito ya mbao, mahali ambapo mgeni akishaketi hawezi kutazama kitu kingine bila kukunja shingo.

Dada Mkubwa aliiwekea sheria: picha ya familia haitembei. Hakuna kuiweka kwenye simu, hakuna kumtumia mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja. "Picha ikitoka nyumbani," alisema, "inarudi na maneno." Sheria ya pili haikuwahi kutamkwa, ila hakuna asiyeijua. Anayeutia ukoo doa hakai ukutani.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Binamu. Aligombea uongozi wa mtaa akapata kura nne, ilhali ukoo peke yake ulikuwa na wapiga kura kumi na mmoja. Hakuna aliyeulizwa kura zake zilikwenda wapi. Mwenye aibu alikuwa aliyeshindwa. Dada Mkubwa alikuja kwa Katibu, akaketi, akapakata mkoba wake na kusema neno moja.

"Mtoe."

Katibu akamtoa. Lakini mtu akitolewa kwenye picha huacha pengo, na pengo huuliza maswali. Ndipo alipobuni chungu cha maua. Alikiokota kwenye picha ya kalenda, chungu kizuri chenye majani mapana, akakisimamisha pale alipokuwa Binamu.

Dada Mkubwa alikitazama kwa muda. "Kimekaa vizuri," alisema. "Kina adabu kuliko yeye."

Baada ya hapo njia ilikuwa imefunguliwa. Shangazi alimtajia mgeni umri halisi wa Dada Mkubwa, akawa chungu. Mpwa mmoja alihudhuria mazishi na miwani ya jua, akawa chungu. Polepole picha ilianza kufanana na familia iliyokwenda kupigwa picha kwenye kitalu cha miche, na wageni hawakuacha kuisifu. "Marehemu baba alipenda sana maua," Dada Mkubwa aliwaambia, wala hakusema uongo mkubwa, kwa kuwa Mzee hakuwahi kuyachukia.

Aliyeomba radhi alirudishwa, na hapo ndipo programu ilipotoa utamu wake. Enzi hizo ilikuwa ikihifadhi matoleo ya zamani ya kila picha, na Katibu alilichagua alilolitaka kama mtu anayevuta shati kabatini. Hata ikafika siku Binamu akasamehewa, na Katibu kwa haraka akavuta toleo la kwanza kabisa, akasahau kumfunika Shangazi upya. Binamu akarudi, na Shangazi akarudi naye, mkono kiunoni, kabla hajafungua kinywa kuomba radhi. Picha ikachapwa, ikatundikwa. Wiki hiyohiyo Shangazi akaja kutembea, akajiona ukutani, akavuta kiti na kudai chai yenye tangawizi.

"Katibu," Dada Mkubwa alimwambia kwa sauti ndogo, ile iliyokuwa ikiwatoa walimu jasho, "kwako aliyefutwa anarudi kwa mlango wa nyuma?"

"Ni matoleo ya zamani, Dada. Programu inayaweka."

"Mimi nikifuta ubao, ubao unaweka?"

Katibu alirudi nyumbani, akafungua mipangilio ya programu yake na kukuta visanduku viwili. Cha kwanza kilisema: *Hifadhi matoleo ya zamani.* Akaondoa alama. Cha pili kilisema: *Kila kinachobadilishwa hapa kibadilishwe kwenye nakala zote.* Akaweka alama. Programu ikamwuliza kama ana uhakika. Katibu, ambaye hakuwahi kuwa na uhakika wa kitu chochote kama alivyokuwa na uhakika wa dada yake, akabonyeza ndiyo.

Kisha ikaja zamu ya Spika.

Spika alikuwa mume wa Dada Mdogo, yule anayemfuata Dada Mkubwa, na kazi yake ilikuwa kukodisha vipaza sauti. Mwili mkubwa, moyo mkubwa, na usingizi wa kuazimisha watu. Siku ya kufunguliwa kwa maktaba ya shule iliyopewa jina la marehemu mume wa Dada Mkubwa, Spika alileta mitambo yake bure, na hilo lisemwe, haki ya mtu haidhulumiwi. Akaketi nyuma ya meza ya mitambo, kipaza sauti cha kujaribia mbele ya mdomo wake. Dada Mkubwa akaanza kuhutubia. Hotuba ilikuwa na sehemu saba. Spika alilala kwenye ya pili.

Alikoroma kwa spika nne kubwa na mbili ndogo. Waliokuwa nyuma hawakuweza kuona kinachoendelea. Walidhani ni jenereta, na mwanamume mmoja mwenye roho nzuri akatoka kwenda kuliongezea mafuta. Dada Mkubwa hakusita hata kwa koma. Alisoma sehemu zote, akashukuru, akaketi. Kesho yake asubuhi mkoba ulipakatwa tena sebuleni kwa Katibu.

"Mtoe."

Kazi hiyo ilifanywa kwa haraka. Katika picha Spika alikuwa amesimama kati ya mkewe na kiti cha Mzee, mkono mmoja begani mwa mkewe. Chungu kilimfunika mwili na kichwa, lakini mkono ukabaki. Ulikaa pale begani, vidole vinne na pete, na nyuma yake majani. Dada Mdogo aliuona siku ya kwanza tu. "Angalau mkono," alimnong'oneza binti yake.

Binti huyo, mtoto wa pekee wa Spika, alikuwa mpima macho kwenye duka la miwani. Na ndiye aliyeingia kwa Katibu Jumatano moja baada ya kazi, hakukaa, hakuvua hata mkoba begani.

"Mjomba, Jumamosi wanakuja wazazi wa mchumba wangu. Wanakuja kwa Mama Mkubwa."

"Ndiyo, nimesikia. Kule ndiko kwenye viti."

"Baba amesema haingii nyumba ambayo ukutani yeye ni mmea."

Katibu alikohoa. "Mama Mkubwa anasemaje?"

"Amemsamehe. Amesema ni kwa ajili yangu, wala asidhani ni kwa ajili yake. Umrudishe ukutani kabla wageni hawajafika. Mjomba, baba asipokuja nitawaambia nini wale wazee? Kwamba baba yangu ni yule pale karibu na mama, mwenye majani?"

"Mwanangu," Katibu alisema, akikiondoa kile kitambaa cha kompyuta kwa vidole viwili kama mtu anayefunua mboga nzuri, "nenda kajipambe. Kwangu kitu hakipotei."

Alipoondoka, Katibu alifungua diski ya kwanza. Akatafuta picha, akabonyeza *rudisha*, akasubiri. Kikatokea chungu. Akacheka kidogo, akaichomoa, akavua soksi ya diski ya pili. Chungu. Alipofika kwenye ya tatu, ambayo ilikuwa ya bei kubwa kuliko wenzake, hakuwa akicheka tena. Diski ya tatu ilimwonyesha chungu kwa uwazi wa hali ya juu, jani kwa jani. Pembeni mwa kioo ile alama ya kijani iling'aa: *Nakala zako ziko salama.*

Akapiga simu kwa watu wa programu. Baada ya muziki mrefu alipokewa na kijana mwenye sauti ya upole.

"Nimezikagua nakala zako kutoka hapa, mzee. Hazina tatizo lolote. Zinafanana kabisa na kilichopo kwenye kompyuta."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe."

"Ungependa zisifanane?"

"Ningependa zifanane na zamani!"

"Zamani uliiondoa, mzee. Uliombwa uthibitishe, ukathibitisha."

Mkewe alimkuta ameketi na soksi tatu tupu mapajani. Akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Katibu aliliogopa kuliko kelele.

"Tangu siku ile ubadilishe mipangilio," mkewe aliuliza, "uliwahi kurudisha hata picha moja, kujaribu tu?"

"Ya nini? Alama inasema salama."

"Sikiliza, mume wangu. Sisi zahanati, mtoto akitoka hatuandiki kazaliwa salama mpaka alie. Awe mnene, awe mzuri, asipolia tunampiga makofi ya mgongoni. Wewe hawa watatu umewafunika, umewavisha, umewasifu kwa wageni. Umewahi kumsikia hata mmoja akilia?"

Katibu alizitazama diski zake, akaona kwamba zilikuwa zimekaa kimya mno.

Mtu aliyekwama hujaribu kila kitu, na cha kwanza kukijaribu huwa cha kipumbavu. Alhamisi Katibu alimwita Spika, ampige picha mpya na kuipandikiza mahali pa chungu. Spika alifika na suti aliyoivaa siku ile ya Mzee. Kifungo kimoja kilikubali, kingine kikaruka hadi chini ya kabati.

"Shemeji," Spika alisema akisimama mbele ya ukuta mweupe, "umenipanda, umenimwagilia, leo umekuja kunivuna."

"Simama wima, tafadhali."

"Nimewahi kusikia mtu akiwa mche. Mimi nilirukishwa madarasa, nikaanza na chungu moja kwa moja."

"Weka mkono begani mwa mke wangu. Yeye ndiye Dada Mdogo."

"Mke wako ni mfupi, shemeji. Dada Mdogo ni mrefu."

Mkunga akapanda juu ya kigoda, miguu peku, akasimama kama mtu anayesubiri kuapishwa. "Fanyeni haraka," alisema, "nina wajawazito wawili wanaonisubiri, na wao hawajui kusimama."

Kazi iliyotoka hapo ni heri isingetoka. Mwanga ulimpiga Spika kutoka kushoto wakati ukoo mzima ulimulikwa kutoka kulia, hivyo alionekana kama mtu aliyekuja na jua lake. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko cha Mzee mwenyewe. Na Katibu alikuwa amesahau ule mkono wa zamani. Binti alipokuja kutazama, aliisogelea kompyuta kwa jicho la kazi yake.

"Mjomba, baba ana mikono mitatu."

"Mmoja utaondolewa."

"Na kichwa kiko karibu kuliko kifua. Mtu akiiangalia hii kwa dakika tano nitamwandikia miwani bure."

Katibu aligeuka amwombe Spika msaada wa mzaha, maana Spika hakuwa mtu wa kukosa neno. Lakini Spika alikuwa akiitazama picha tu, mikono yote mifukoni.

"Siye mimi huyu," alisema hatimaye. "Siku ile nilikuwa nimejiweka pembeni kabisa, nyuma ya wajukuu. Mzee akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akanishika, akasema wewe kaa hapa karibu yangu. Mbele ya watoto wake wote, mimi mkwe. Nilisimama pale kwa sababu yeye alinivuta." Akafunga kile kifungo kimoja. "Sitaki nyingine, shemeji. Nataka ile. Isipopatikana, mwambie mwanangu anisamehe, wageni watanikuta kwangu."

Binti akageukia dirisha. Katibu aliwaona wote wawili kwa mgongo, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani asingekuwa yeye anayetunza.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa dada yake. Alibeba ile diski ya bei kubwa ndani ya soksi yake, asijue kwa nini. Labda mwenye kosa hupenda kufika na shahidi. Sebule ilikuwa imeoshwa mpaka vigae viliteleza. Viti vimevalishwa, vikombe vya wageni vimetoka kabatini, na ukutani ile fremu nzito ikining'inia kwa misumari mitatu. Zamani ilikuwa msumari mmoja. Katibu aliona, bila kulitilia maanani, kwamba kwa juu ilikuwa imeacha ukuta na kuinama mbele kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.

"Umekuja mikono mitupu," Dada Mkubwa alisema.

"Nina diski, Dada."

"Nimekuagiza shemeji, wewe umeleta diski."

Akamweleza. Alieleza visanduku viwili, alama ya kijani, kijana wa kwenye simu na mikono mitatu. Dada Mkubwa alimsikiliza ameketi wima, mkoba mapajani ingawa alikuwa nyumbani kwake.

"Diski zote tatu?"

"Zote tatu."

"Na ile alama?"

"Bado ya kijani, Dada."

Dada Mkubwa akainuka. Akafunga mlango wa sebule, akavuta pazia la dirisha la barabarani, akaenda jikoni na kurudi na kisu cha siagi.

"Shika upande huo," alisema. "Usiiangushe. Ina uzito wa watu."

Waliishusha fremu, wakailaza kifudifudi juu ya kitambaa cha meza. Akakunjua vimisumari vya nyuma kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja, kwa mkono wa mtu aliyekwishaifanya kazi hiyo mara nyingi akiwa peke yake. Ubao wa nyuma ulipotoka, ulitoka kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyelegeza mkanda baada ya kushiba.

Ndani hakukuwa na picha moja. Kulikuwa na rundo. Kila picha iliyowahi kuchapwa, tangu ya kwanza, ilikuwa imebaki mule. Kila mpya ilikuwa imetangulizwa mbele ya wenzake, zikasukumana zikakaa. Dada Mkubwa alianza kuzifunua kutoka nyuma, na kila iliyofunuliwa ilitia pumzi sebuleni. Hii yenye Shangazi mkono kiunoni. Hii yenye Mpwa kabla ya miwani. Binamu akiwepo, Binamu akiwa majani, Binamu akirudi.

"Dada," Katibu alisema polepole, "uliniambia nifute."

"Nilikuambia wewe ufute. Nilisema na mimi nimefuta?"

"Sasa mbona hukuzitupa?"

"Nizitupe wapi? Jalalani, wapita njia wasimame wauangalie ukoo wetu kwenye maganda? Picha ya familia haitembei." Akanyoosha ncha ya picha iliyokunjamana. Halafu, bila kumtazama mdogo wake, akaongeza, "Na mtu huweza kukasirika leo. Kesho hajui atakuwa nani."

Ile ya nyuma kabisa ilikuwa imenata kidogo kwenye ubao. Aliibandua kwa kisu, taratibu, akaigeuza. Ilikuwa ile yenyewe. Mzee kitini, na mkono wake wa kushoto umepita nyuma ya kiti na kukamata mkono wa mtu mnene aliyevaa suti. Hakukuwa na chungu hata kimoja. Ukoo ulionekana mkubwa ajabu.

Kisha wote wawili wakainama kwa pamoja.

Spika alikuwa amefumba macho.

Hakuwa amepepesa. Alikuwa amefumba kabisa, midomo imeachia kidogo, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. Picha hiyo ilikuwa imekaa ukutani miaka kadhaa kabla ya mambo ya maktaba, na hakuna aliyeliona hilo. Baadaye, kwa muda wote Spika alipokuwa chungu, kila mtu alimkumbuka akiwa macho.

"Hata siku ile," Dada Mkubwa alisema.

Katibu aling'ata mdomo. Aliliona bega la dada yake likitikisika, akaogopa kwamba analia, akataka kumshika. Dada Mkubwa alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mkono umefunika mdomo, mpaka akalazimika kuketi, na machozi yake aliyafuta kwa soksi ya diski, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Naweza kumfumbua macho," Katibu alinong'ona. "Nachukua ya Binamu, naweka..."

"Usimguse! Wewe mkono wako tumeshauona." Akasimama, akajinyoosha gauni. "Mtundike. Hivyo hivyo alivyo."

Ilipotundikwa, fremu ilikaa bapa ukutani kwa msumari mmoja.

Mchana wageni walifika, baba mrefu mkimya na mama mcheshi, na kijana wao akiwa ameshika kofia aliyokosa pa kuiweka. Binti aliwamiminia chai huku jicho moja likiwa dirishani, ikamwagika kisahanini. Viti vyote vilijaa isipokuwa kimoja. Mazungumzo ya hali ya hewa yalikwisha, ya afya yakakaribia kwisha, na Dada Mkubwa mwenyewe akaanza kuisifu mvua ambayo haikuwa imenyesha.

Kivuli kikubwa kikapita nje. Kikasimama dirishani. Wote waliokuwa ndani wakaona uso wa mtu umebanwa kwenye kioo, mikono miwili kando ya macho, ukitafuta kitu ukutani. Ukakaa hapo kwa muda. Kisha ukatoweka, mlango ukagongwa kwa heshima, na Spika akaingia amekumbatia chungu cha maua, cha kweli, chenye majani mapana na udongo mbichi.

"Samahanini kuchelewa," alisema. Akakiweka chini ya picha, akamgeukia Dada Mkubwa. "Shikamoo, Dada. Nimemleta yule aliyekuwa anakaa mahali pangu. Nimeona si vizuri kumfukuza moja kwa moja."

"Marahaba," Dada Mkubwa alijibu. "Mkwe wetu anapenda maua," aliwaambia wageni, "kama marehemu baba."

Binti akamimina chai, na safari hii haikumwagika.

Mgeni mrefu alikuwa anaitazama picha. Aliwapitia wote, safu kwa safu, akafika pale. "Na huyu," aliuliza kwa upole, "aliyefumba macho?"

Katibu aliutazama mkeka. Spika aliinuka kidogo kitini, naye ndiyo kwanza ameona. "Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nasali."

"Alikuwa amelala," Dada Mkubwa alisema. Akaweka kikombe chake kwenye kisahani pasipo kutoa mlio. "Huyu hulala mahali penye amani. Nyumba nyingine ukimwona, hafumbi hata kidogo."

Mama wa kijana akapiga makofi ya furaha. "Jamani, huo ndio ukoo! Dada, tunaomba nakala ya picha hii. Tuitundike na kwetu, watoto wajue walikotoka."

Macho yote, ya Dada Mdogo, ya mkunga, ya Binamu aliyekuwa ameketi karibu na mlango kwa usalama, yalimgeukia Dada Mkubwa. Naye alimgeukia Katibu.

"Katibu. Nyumba yako ikiungua, Mungu apishe mbali, zile diski zako tatu zitakuwa wapi?"

"Mezani, Dada."

"Meza itakuwa wapi?"

Katibu alifikiri. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulifikiri. "Itakuwa imeungua, Dada."

"Basi picha itatembea," Dada Mkubwa alitangaza. "Itakaa hapa, itakaa kwa wakwe. Ila kule kwenu," aliwaambia wageni, "msimtoe mtu bila kuniuliza."

Wiki iliyofuata Katibu aliziingiza kwenye kompyuta picha zote zilizokuwa ndani ya fremu, akarudi kwenye vile visanduku viwili, akavigeuza. Programu ikamwuliza kama ana uhakika. Safari hii alimwita mkewe kwanza. Diski moja ilibaki nyumbani. Ya pili ilihamia kabatini kwa Dada Mkubwa, chini ya vikombe vya wageni. Ya tatu, ile ya bei kubwa, ililala kwa Spika kati ya vipaza sauti, na soksi yake ilikuwa imeoshwa machozi.

Na kila mwisho wa mwezi anaizungukia mojawapo, anachagua picha yoyote bila kubagua, anabonyeza *rudisha* na kusubiri. Mkewe, akiwa jikoni, husubiri pia.

"Amelia?" hupaza sauti.

Katibu huinama karibu na kioo, humtafuta yule mnene kando ya kiti cha Mzee, huhakikisha yupo, na macho yake yamefumba.

"Amelia!" hujibu.